Noah ya D-4 isiyochemsha mjini: uchambuzi wa ununuzi mmoja Dar es Salaam

Gari ni Toyota Noah AZR60 ya mwaka 2003, namba C, inauzwa mkononi Dar es Salaam. Dashibodi inasoma kilometa 148,000. Rangi ni ile ya kutoka nayo Japani, viti vinane vyote vipo, tairi mbili za mbele ni mpya, ndani kumeoshwa kunanukia. Mnunuzi ni baba wa watoto wanne anayekaa Mbezi. Anataka gari la kupeleka watoto shule na la kwenda nyumbani Njombe kila Desemba, familia nzima na mizigo yake.

Hiyo safari ya Njombe ndiyo iliyoamua ukaguzi ufanyike vipi. Noah inaweza kuzunguka Mbezi, Mwenge na Kariakoo mwaka mzima ikiwa na ugonjwa ambao mlima wa Kitonga utauanika ndani ya robo saa. Kwa hiyo gari la familia likaguliwe kwa mzigo litakaoubeba, siyo kwa mzunguko wa mtaani na mtu mmoja kwenye usukani.

Kizazi cha AZR60, kilichotoka mwaka 2001 hadi 2007, kina injini moja tu: 1AZ-FSE ya cc 1998, yenye mfumo wa D-4 unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mambo mawili ya injini hii ndiyo yanayomtesa mnunuzi wa mkononi. La kwanza ni bloku ya aluminiamu. Bolti za silinda hedi zinashika kwenye nyuzi zilizochongwa kwenye aluminiamu hiyo, na injini ikishachemka mara kadhaa nyuzi zinachoka na kung'oka, hasa mstari wa nyuma upande wa egzosi, ambako joto ni kali zaidi. Bolti inabaki imesimama mahali pake lakini haikazi kitu. Hedi inanyanyuka kidogo sana pale injini inapofanya kazi nzito, gesi ya mwako inaingia kwenye njia za maji, maji yanasukumwa nje, na joto linalofuata linang'oa bolti ya pili. La pili ni D-4 yenyewe, tutaifikia.

Siku ya kwanza mnunuzi alipofika, injini ilikuwa ya moto tayari. Muuzaji alisema ametoka nayo sokoni. Huenda ni kweli, lakini ukaguzi wa injini ya moto ni nusu ya ukaguzi. Sailensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, imeshatulia, moshi wa asubuhi umeshapotea, na kifuniko cha rejeta huwezi kukifungua. Fundi alishauri waondoke, warudi kesho yake saa moja asubuhi, kwa makubaliano kwamba gari lisiwashwe kabla hawajafika. Muuzaji anayekataa ombi hilo ameshakujibu.

Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, fundi alianza na paipu ya juu ya rejeta. Aliibana kwa vidole. Injini iliyolala usiku kucha inatakiwa iwe na paipu laini. Ikiwa bado ngumu kama imejazwa upepo, kuna gesi iliyobaki humo. Hii ilikuwa na ugumu kidogo, siyo wa kutisha. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kipya kabisa, kinang'aa kwenye shingo iliyojaa kutu. Alipokifungua ilitoka pumzi fupi. Maji ya ndani yalikuwa maji matupu, hayana rangi ya kulanti (kimiminika cha kupozea injini) hata kidogo, na kidole kilichoingizwa kilitoka na tope la rangi ya matofali. Toyota hii ilitoka kiwandani na kulanti. Mtu aliyeiondoa na kujaza maji ya bomba au ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi, alikuwa anaongeza maji mara kwa mara hadi kulanti ikaisha yenyewe.

Oili kwenye kijiti ilikuwa juu ya alama ya mwisho kwa karibu nusu sentimeta, nyepesi, inanuka petroli. Haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia kwenye oili. Watu wengi wanaishia hapo wakidhani gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ni nzima. Siyo hivyo. Kwenye injini hii gasketi mara nyingi inavuja kati ya silinda na njia ya maji, au kwenda nje ya bloku, na oili inabaki safi hadi dakika ya mwisho.

Injini ikawashwa. Iliwaka vizuri, ikapanda mizunguko, ikashuka, ikawa inacheza cheza AC ilipowashwa. Fundi aliunganisha skana. Hapa kuna jambo la kuzingatia: vile vidude vidogo vya Bluetooth vya bei ya chini mara nyingi havisomi gari za soko la Japani za miaka hii, kwa hiyo fundi awe na mashine inayoijua Toyota ya Japani. Alichokitaka siyo misimbo ya makosa, kwani muuzaji yeyote anaweza kuifuta asubuhi hiyo hiyo. Alitaka namba ya joto la maji. Thamostati, valvu inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate moto, kwenye injini hii inaanza kufunguka kati ya nyuzi joto 80 na 84, hivyo gari likitembea linatakiwa litulie kwenye 85 hadi 95. Hili lilitembea barabara nzima ya asubuhi likiwa kwenye 64 hadi 68, na feni ilikuwa inazunguka tangu ufunguo ulipogeuzwa.

Maana yake ni mbili: thamostati imetolewa, na feni imeungwa dairekti. Ni tiba ya gereji nyingi za Pwani kwa gari linalochemsha, na kwa mjini inafanya kazi. Ndiyo maana muuzaji aliposema gari halichemshi alikuwa anasema alichokiona. Lakini tiba hiyo inafanya madhara mawili. Inaficha dalili, na inaiweka injini kwenye ubaridi wa kudumu. Kompyuta ikiona maji ya nyuzi 65 inadhani injini bado haijapata moto, inaongeza petroli, petroli inaosha kuta za silinda na kuteremkia kwenye oili. Oili iliyozidi kipimo na kunuka petroli ina maelezo hayo kwanza. Maelezo ya pili yanayowezekana ni pampu ya mafuta ya presha ya juu, inayoendeshwa na kamshafti na kusukuma zaidi ya bar 80, wakati mifumo ya kawaida ni bar 3 hivi. Sili yake ikichoka, petroli inavuja kuelekea kwenye oili vile vile. Huwezi kutofautisha hadi urudishe thamostati, umwage oili, utembee kilometa mia kadhaa na upime tena. Kwa bei ya pampu hiyo, mnunuzi ahesabu uwezekano huo kwenye mazungumzo.

Kisha kipimo cha gesi. Ni chombo cha plastiki chenye kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta. Unapunguza maji kama sentimeta tano ili yasifyonzwe, unapampu mpira kwa dakika mbili injini ikiwa inanguruma. Hewa ya kawaida ikipita, buluu inabaki. Gesi ya mwako ikipita, inageuka kijani na kisha njano. Kwenye sailensa ilibaki buluu. Ingekuwa rahisi kusema gari ni zima, na ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika, maana wamelipa fundi, wamepima kwa kifaa, na jibu limekuwa safi. Ila kwenye sailensa presha ndani ya silinda ni ndogo, hedi haina sababu ya kunyanyuka.

Wakapakia watu saba, AC ya mbele na ya nyuma zote juu kabisa, wakachukua barabara ya Pugu kupanda kuelekea Kisarawe. Namba ya skana ilianza 66. Kwenye mwinuko ikaenda 80, 90, ikafika 98, na ilipofika tambarare ilichukua muda mrefu kushuka. Kwa mtu asiyejua, 98 ni namba isiyo na shida. Lakini gari hili halina thamostati ya kuzuia maji na feni yake haizimi. Hakuna akiba iliyobaki. Kilichozuia lisichemke ni ufupi wa mlima wenyewe. Waliposimama, chupa ya maji ya akiba ilikuwa inatoa mapovu madogo madogo mfululizo, hata baada ya injini kuzimwa.

Walisubiri dakika arobaini hadi paipu iweze kushikwa kwa mkono. Usiharakishe hapa, maji yaliyobanwa kwa presha ya bar 1.1 hayachemki hadi karibu nyuzi 120, na ukifungua yanalipuka usoni. Injini ikawashwa tena, ikashikiliwa kwenye mizunguko 2,500 AC ikiwa juu, na kipimo kikarudiwa. Kimiminika kikageuka kijani, kisha njano.

Kilichobaki kilikuwa kuona kwa macho. Fundi aliingiza kioo kidogo chenye mpini na tochi nyuma ya injini, kati ya bloku na ukuta wa kabini, chini kidogo ya kinga ya joto ya egzosi. Kwenye mstari wa kiungo cha hedi na bloku, usawa wa silinda ya pili na ya tatu, kulikuwa na ukoko mweupe wenye ukingo wa kahawia, umeteremka kama upana wa vidole viwili na kukauka. Ni chumvi za maji yaliyotoka kidogo kidogo na kuchemkia pale pale. Mbele ya injini, sehemu ambayo kila mnunuzi anaichungulia, kulikuwa kukavu na kumepigwa dawa ya kung'arisha.

Wakati huo gari lilikuwa juu ya jeki, kwa hiyo mengine yalimalizwa pia.

Gia boksi kwanza. AZR60 za kabla ya Agosti 2004 zina gia boksi ya kawaida ya gia nne, zinazofuata zina CVT, yaani gia boksi ya mkanda isiyo na hatua za gia. Usikisie kwa mwaka ulioandikwa kwenye kadi, maana huo unaweza kuwa mwaka wa usajili. Soma kibati cha chesesi, mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Ikianza na K111 ni CVT. Hili lilikuwa la gia nne, linalotumia ATF (fluidi ya gia boksi ya otomatiki) Type T-IV. CVT inatumia Toyota CVT Fluid TC, na ukiimwagia ATF ya kawaida mkanda wake wa chuma unateleza na kujichana. Fundi asiyeuliza swali hili kabla ya kumwaga ameshaua gia boksi nyingi. Kwenye gari hili, ukitoa N kwenda D na N kwenda R injini ikiwa ya moto, gia ilishika ndani ya sekunde moja bila kishindo. Fluidi ilikuwa ya kahawia lakini haikunuka kuungua. Gia boksi ikapita.

Mtikisiko kwenye D gari likiwa limesimama ulitokana na injini mauntini (kishikio cha mpira cha injini) ya kulia iliyopasuka na kuvuja maji yake ya ndani. Mbele, bushi za nyuma za loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) zilikuwa zimechanika na stabileza linki zote mbili zinagonga. Hizo ni spea za kawaida, zinapatikana Kariakoo, na hazipaswi kumkimbiza mtu. Beringi ya gurudumu la nyuma kushoto ilikuwa inavuma kuanzia kilometa 60 kwa saa. Kwenye Noah inabadilishwa pamoja na habu yake. Tairi za nyuma zilionekana na kashata nzuri, lakini tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu zilisomeka 1113, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2013. Mpira wa umri huo kwenye gari lenye watu wanane na lami ya Chalinze mchana ni wa kutupa hata kama haujaisha.

Milango ya pembeni ilifunguka yote miwili. Wa kushoto, wenye mota, ulikuwa unasita katikati na kurudi. Mara nyingi kosa ni mchanga kwenye reli ya katikati na roli lililolika, na mota inapobanwa inarudisha mlango kwa usalama. Safisha reli, badilisha roli, kabla ya kumruhusu mtu akuuzie mota.

Kisha historia ya kazi. Noah nyingi nchini zimewahi kubeba abiria, na kilometa za biashara ni nyingi kuliko zinazoonekana. Gari la biashara Tanzania lina kibao cheupe, la binafsi kibao cha njano, na vibao hubadilika matumizi yakibadilika. Angalia kadi inasema nini kuhusu matumizi. Angalia sakafu: mashimo ya bolti yasiyo na kiti, zulia lililokatwa, mkeka wa plastiki uliogundishwa, mpini wa mlango uliolika rangi. Hapa hakukuwa na alama hizo. Kadi halisi ilikuwepo, namba ya chesesi iliwiana na kibati na mchongo wenyewe, na namba ya gari iliingizwa kwenye mfumo wa polisi wa faini na ule wa maegesho wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuona madeni. Yalikuwepo machache, muuzaji akayalipa.

Sasa uamuzi. Ushauri wetu kwa Noah yenye gesi kwenye maji ni kuiacha, na tunausimamia. Magari haya ni mengi sokoni. Mnunuzi huyu aliamua kuendelea kwa sababu tatu: bodi haikuwa imegongwa, gia boksi ilikuwa nzima, na muuzaji alikubali kushusha bei kwa kiasi kinachofidia kufungua hedi, kuweka nyuzi mpya, tairi mbili na beringi, kwa maandishi. Sharti la fundi lilikuwa kwamba gari lisitembee tena bali livutwe hadi gereji. Hiyo ilikuwa busara. Kilometa chache za kuchemka zingeweza kupinda hedi na kubadilisha hesabu yote.

Hedi ilipofunguliwa, bolti kumi zilitoka, na tatu za mstari wa nyuma zilitoka na vipande vya aluminiamu vimejisokota kwenye nyuzi zake kama maganda ya penseli. Fundi wa kawaida angebadilisha gasketi, akazikaza hizo tatu kwa kubahatisha na kurudisha gari. Linatembea wiki tatu. Kazi inayodumu ni hii: matundu yote kumi yanatobolewa kwa kipimo, wima kabisa kwa kutumia kiongozo kinachofungwa juu ya bloku, na kuwekewa bushi za chuma zenye nyuzi. Yote kumi, kwa sababu yale saba yamepitia joto lile lile. Kabla ya kufunga, kila tundu linapulizwa hadi likauke. Oili au maji yakibaki chini, bolti ikishuka inayabana na bloku inapasuka.

Uso wa hedi ulipimwa kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kikomo ni milimita 0.05, na ulikuwa umezidi kidogo katikati, hivyo ukapelekwa kwenye mashine kupitishwa kiasi kidogo tu. Gasketi ya injini hii ni ya mabati ya tabaka, inataka uso laini sana. Kusugua kwa msasa wa mkono kunaacha mabonde yatakayovuja. Bolti zikanunuliwa mpya, zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), halafu kwa digrii za mzunguko kama kitabu cha injini kinavyotaka. Kukaza kwa nguvu ya mkono hakukubaliki hapa.

Hapa ndipo D-4 inaingia. Kwenye injini za kawaida petroli inapulizwa nyuma ya valvu za kuingizia na kuziosha kila mzunguko. Kwenye D-4 petroli haipiti hapo, ila mvuke wa oili na masizi ya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa egzosi ndani ya injini) vinapita, vinagandia. Valvu za gari hili zilikuwa zimevaa kaboni nyeusi ngumu, na bomba la hewa limepungua njia. Hiyo ndiyo sababu ya sailensa kucheza AC ikiwashwa. Dawa ya kumimina kwenye tenki haifiki pale, kwa kuwa petroli yenyewe haifiki. Kwa kuwa hedi ilikuwa mezani, valvu zilitolewa, zikasafishwa, zikasagwa upya kwenye viti vyake; bomba la hewa, valvu ya EGR na throto (mlango wa kuingizia hewa) vikasafishwa. Nozeli zilizotolewa lazima zirudi na sili mpya za teflon. Ya zamani ikirudi, presha ya silinda inaipita na kuunguza nozeli.

Thamostati mpya ikarudi, pampu ya maji ikabadilishwa, feni ikarudishwa kwenye releyi yake, rejeta ikafunguliwa na kusuguliwa ndani. Kulanti ya rangi ya waridi, iliyochanganywa tayari, ikajazwa taratibu hita za mbele na nyuma zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho. Noah ina paipu ndefu za hita ya nyuma chini ya sakafu. Hewa ikibaki humo gari litachemka siku ya kwanza na fundi atalaumiwa kwa gasketi. Paipu hizo na zile za AC ya nyuma zikaguliwe kutu, hasa kwa magari ya karibu na bahari.

Oili ya 5W-30, lita nne na kidogo pamoja na filta, ilimwagwa baada ya kilometa 1,000 ikapimwa. Haikupanda kipimo wala kunuka petroli, kwa hiyo pampu ya presha ya juu iliondolewa kwenye lawama. Siku hiyo hiyo kipimo cha gesi kilirudiwa baada ya kupanda Pugu na watu saba, skana ikisoma 88 hadi 93 njia nzima. Kimiminika kilibaki buluu.

Kuanzia hapo ratiba ni ya kawaida: oili na filta kila kilometa 5,000, T-IV nusu yake kumwagwa na kujazwa kila 40,000, throto na EGR kusafishwa kila 20,000, plagi za iridiamu kila 100,000, petroli kutoka vituo vyenye mauzo makubwa kwa sababu maji kwenye tenki yanaua pampu ya D-4 haraka kuliko kitu kingine. Kabla ya kila safari ya Njombe, kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa baridi. Maji yakiwa yamepungua bila kuonekana yanakovuja, gari libaki nyumbani hadi kipimo cha gesi kirudiwe chini ya mzigo.